Gauti ya baba mkubwa: je, alopurinoli ndiyo iliyomzidishia maumivu?

Mwana wa Ujiji

Habari za jioni, ndugu zangu. Naandika kutoka Ujiji kwa niaba ya baba yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 56, mfanyabiashara wa dagaa ambaye kwa muda mrefu amekuwa akinunua mzigo katika mwalo wa Kibirizi na kuusafirisha kwa treni hadi Tabora na Dar es Salaam. Ana shinikizo la damu, na kila siku humeza enalaprili na haidroklorothiazidi. Kisukari alipimwa zamani kidogo, akaambiwa hana.

Miaka michache iliyopita aliamshwa usiku na maumivu makali katika dole gumba la mguu wa kushoto, na kulipokucha lilikuwa limevimba, jekundu na lenye joto, hata shuka likigusa anapiga kelele. Wazee wa nyumbani walisema amekanyaga kitu alichotegewa. Baada ya siku kama kumi likapona lenyewe, tukasahau. Kisha likarudi, safari nyingine likahamia kwenye kifundo cha mguu, na mwaka huu limefika gotini. Kila linapomshika huenda duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki, na hupata nafuu.

Mwezi uliopita, mguu ukiwa umevimba, alipimwa asidi ya yuriki katika kituo kimoja cha afya, ikaonekana ni miligramu 9.2 kwa desilita. Akaambiwa ana gauti, yaani jongo, akapewa alopurinoli ya miligramu 300 aanze siku hiyo hiyo, na akakatazwa dagaa, nyama na maharage. Haikupita wiki mbili goti likavimba vibaya kuliko wakati wowote. Amekitupa kikasha chote cha dawa, na anasema hawezi kula sumu kwa hiari yake.

Naomba kufahamishwa: je, dawa ile haikumfaa? Ugonjwa huu unatokana na nini hasa? Na je, ni kweli kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia ukingoni mwa Ziwa Tanganyika hapaswi tena kula dagaa?

Tabibu wa Kasulu

Ndugu Mwana wa Ujiji, pole kwa kuuguza. Maelezo uliyotoa ni kamili kuliko yale ambayo wagonjwa wengi hutupa, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, nikianza na chanzo, kwa sababu swali lako la kwanza halijibiki bila kukielewa.

Chembe hai za mwili zinapokufa na kuvunjwa, na vilevile chakula kinapomeng'enywa, hutoka vitu viitwavyo purini. Mwili huzibadilisha purini hizo, kwa kutumia kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi, na mwisho wake hupatikana asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine cha kuivunja zaidi asidi hiyo, lakini binadamu hatuna, hivyo inatubidi tuitoe nje kama ilivyo: takriban theluthi mbili hupitia kwenye figo na iliyobaki kwenye utumbo. Kwa sehemu kubwa ya wagonjwa wa gauti tatizo si kwamba wanatengeneza asidi nyingi mno, bali figo zao haziitoi ya kutosha, na jambo hilo mara nyingi limo katika kurithi. Ndiyo maana unaweza kuwakuta ndugu wawili wanaokula sufuria moja, mmoja anaugua na mwingine haugui.

Damu ina kiwango ambacho ikikizidi haiwezi tena kuiyeyusha asidi hiyo, nacho ni takriban miligramu 6.8 kwa desilita. Aliyewahi kuona maji ya chumvi ya Uvinza yakichemshwa anajua kwamba yanapofikia ukolezi fulani chumvi huanza kujitenga na kuwa chembe ngumu. Katika viungo hutokea jambo la namna hiyo, isipokuwa chembe za yureti, yaani chumvi ya asidi ya yuriki, ni nyembamba na zimechongoka kama sindano. Hujikusanya kimyakimya kwa miaka, hasa miguuni ambako joto la mwili ni dogo. Siku askari wa kinga ya mwili wanapozishambulia, ndipo mtu huamshwa usiku.

Dalili ulizoeleza ndizo zenyewe: maumivu huanza ghafla, hufikia kilele ndani ya saa 12 hadi 24, na hata bila dawa huisha katika wiki moja hadi mbili. Dole gumba la mguu ndilo hushikwa mara nyingi katika shambulio la kwanza, kisha huja kifundo, goti, kiwiko na vidole vya mikono. Usipotibiwa, mashambulio hukaribiana, na baadaye hutokea vinundu vigumu kwenye masikio, viwiko au vidole ambavyo wakati mwingine hupasuka na kutoa kitu cheupe kama chaki. Wengine hupata mawe ya figo. Wanaume hushikwa zaidi. Wanawake kwa kawaida hukingwa hadi wanapokoma hedhi.

Kuna tahadhari moja ambayo siwezi kuiacha. Si kila kiungo kilichovimba kwa mtu mwenye asidi nyingi ni gauti. Watu wengi wana asidi iliyozidi na hawaugui kamwe, na kwa upande wa pili kipimo kinachochukuliwa katikati ya shambulio kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida kwa mtu ambaye anayo gauti kweli. Katika hali hiyo kipimo hurudiwa wiki mbili au zaidi baada ya uvimbe kwisha. Kipimo cha uhakika ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuzitazama chembe hizo kwa hadubini maalumu. Hadubini hiyo haipatikani kila mahali, lakini maji yenyewe yanaweza kupimwa kama yana usaha. Goti moja lililovimba pamoja na homa kali na kutetemeka lichukuliwe kuwa na maambukizi ya bakteria mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache tu.

Sasa alopurinoli. Dawa hii huzuia zanthini oksidesi, hivyo asidi inayotengenezwa hupungua. Waliohusika kuigundua, Gertrude Elion na George Hitchings, walikuwa wakitafuta kitu cha kuongeza nguvu ya dawa ya saratani ya damu, na gauti ikanufaika. Mwaka 1988 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel. Alopurinoli haitulizi maumivu hata kidogo. Tena, kiwango cha asidi kinaposhuka kwa haraka, chembe zilizokaa viungoni kwa miaka huanza kuyeyuka na kumeguka, na kumeguka huko ndiko kunakoamsha shambulio jipya. Kwa hiyo goti la baba mkubwa halikuvimba kwa sababu dawa haimfai. Lilivimba, kwa maoni yangu, kwa sababu alianzishwa na kiwango kikubwa bila kinga na bila kuelezwa kitakachofuata.

Utaratibu unaopendekezwa ni kuanza na miligramu 100 kwa siku, au 50 iwapo figo ni dhaifu, kisha kuongeza kidogo kidogo kila baada ya wiki chache huku damu ikipimwa, mpaka asidi ishuke chini ya miligramu 6 kwa desilita, ambazo ni sawa na mikromoli 360 kwa lita. Mwenye vinundu hulenga chini ya 5. Wengine huhitaji zaidi ya miligramu 300 kufika hapo, na si kosa kuvuka kiwango hicho ikiwa daktari anafuatilia. Katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo mgonjwa hupewa pia kolchisini kidogo ya kuzuia mashambulio. Zamani tulifundishwa kusubiri uvimbe uishe ndipo tuanze. Mwongozo wa mwaka 2020 wa chuo cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani unakubali kuanza hata wakati wa shambulio, mradi shambulio lenyewe linatibiwa. Aliyekwisha kuanza asiache dawa kwa sababu ya shambulio.

Fundi wa Mwanga

Mimi si daktari, ni mgonjwa mwenzake na mzee, na namwelewa vizuri sana aliyekitupa kikasha. Nilipoanza alopurinoli nilishikwa tena na tena katika miezi ya mwanzo, na kama daktari wangu asingenieleza mapema kwamba hivyo ndivyo itakavyokuwa, ningeitupa na mimi. Kadiri miezi ilivyopita mashambulio yalipungua, na sasa nimekaa muda mrefu bila kushikwa; hata kinundu kilichokuwa kwenye kiwiko kimenywea.

Naomba niongeze mambo mawili ambayo tabibu hakuyagusa. La kwanza ni hili la kukanyaga. Nilipelekwa kwa mganga, nikachanjwa chale juu ya kifundo kilichovimba. Jambo hilo ni la hatari, kwa maana kiungo ambacho hakikuwa na vijidudu kinafunguliwa mlango wa kuviingiza, kisha inakuwa vigumu kutofautisha gauti na usaha. Na kwa kuwa uvimbe wa gauti huondoka wenyewe ndani ya wiki moja au mbili, mganga yeyote atakayekuja siku ya tano ataondoka na sifa.

La pili ni aibu. Watu husema huu ni ugonjwa wa matajiri na walevi. Mimi ni fundi cherehani, sinywi pombe, na nyama naila sikukuu. Baba yangu na ndugu yake mmoja walikuwa na vidole kama vyangu. Usimwache mzee wako aamini kwamba amejiletea mwenyewe.

Mfamasia wa Tabora

Nashukuru kwa maelezo ya tabibu, nami nina hofu juu ya kitu ambacho muuliza swali amekitaja kwa kupita tu: enalaprili, haidroklorothiazidi na sindano za diklofenaki za mara kwa mara, vyote katika mwili mmoja.

Kila moja kati ya dawa hizi tatu huathiri mzunguko wa damu ndani ya figo kwa njia yake, na zikikutana, hasa kwa mtu mwenye umri huo anayeshinda juani mwaloni bila kunywa maji ya kutosha, figo zinaweza kudhoofika kwa ghafla. Figo zikidhoofika, asidi ya yuriki hutoka kwa shida zaidi, na mashambulio huongezeka. Mgonjwa huona sindano inamsaidia, nayo kweli humsaidia kwa siku tatu, huku ikimrudisha dukani mapema kuliko safari iliyopita. Diklofenaki pia hupandisha shinikizo la damu na kuunguza tumbo, na haiwafai wenye vidonda vya tumbo wala wenye moyo ulioshindwa. Sisi wauza dawa tunapaswa kuuliza kabla ya kuvunja kichupa, na wengi wetu hatuulizi.

Haidroklorothiazidi nayo, peke yake, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki. Furosemidi hufanya hivyo pia, na vivyo hivyo aspirini ya kiwango kidogo, pamoja na pirazinamidi na ethambutoli zinazotumika kutibu kifua kikuu. Nasisitiza kwamba hakuna anayepaswa kuacha dawa ya kifua kikuu, ya moyo au ya shinikizo kwa kusoma haya. Lakini kwa baba mkubwa inafaa daktari aulizwe kama haidroklorothiazidi inaweza kubadilishwa kwa amlodipini, na enalaprili kwa losartani, ambayo ina tabia ya kushusha asidi hiyo kidogo.

Kuhusu dawa za shambulio lenyewe, ziko za aina tatu, na kinachoamua ni hali ya mgonjwa kuliko nguvu ya dawa. Jamii ya diklofenaki, ibuprofeni, naproksini na indometasini inawafaa watu wenye figo na tumbo zima. Kolchisini hufanya kazi vizuri inapoanzwa mapema, ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze: miligramu 1, kisha nusu miligramu baada ya saa moja, na siku zinazofuata nusu miligramu mara moja au mbili kwa siku. Ule utaratibu wa kale wa kumeza kidonge kila saa mpaka mtu aharishe umeachwa, kwa sababu kiasi kinachotibu na kinachodhuru havikai mbali, na sumu ya kolchisini inaua. Wenye figo dhaifu hupunguziwa, na haichanganywi ovyo na klarithromisini, verapamili au ritonaviri. Ya tatu ni prednisoloni, miligramu 30 hadi 35 kwa siku kwa siku tatu hadi tano, ambayo huwafaa wengi wenye figo mbovu, ingawa hupandisha sukari na haipewi mtu ambaye kiungo chake kinashukiwa kuwa na maambukizi.

Na kwa alopurinoli, hili ni la lazima. Anayeitumia akiona upele, hasa ukiandamana na homa, vidonda vya mdomo au macho mekundu, aiache saa hiyo hiyo na aende hospitali. Mzio huo ni nadra, hutokea zaidi katika wiki za mwanzo, lakini ni mkali, na kuanza na kiwango kikubwa kwa mtu mwenye figo dhaifu huongeza uwezekano wake. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoanza na 300. Anayeshindwa kuivumilia anaweza kupewa feboksostati ikipatikana, kwa uangalifu kama ana ugonjwa wa moyo.

Mwana wa Ujiji

Nawashukuru nyote. Kumbe tulikuwa tunamchoma sindano kwa furaha. Ila kuhusu dagaa bado sijajibiwa, na ndilo swali atakaloniuliza yeye kwanza. Halafu niseme pia kwamba goti lake limeanza kuuma tena tangu jana usiku. Homa hana, na anaweza kulikunja kidogo.

Mama Lishe Kalinzi

Nitajibu la dagaa, kwa kuwa nafanya kazi ya ushauri wa lishe na kila mara naona watu wakirudishwa nyumbani na orodha ndefu ya makatazo, huku dawa ikiandikwa mstari mmoja.

Ni kweli kwamba dagaa wana purini nyingi. Sababu ni kuwa huliwa mzima na matumbo yake, na wakikaushwa maji hutoka na purini hubaki, kwa hiyo kiganja cha dagaa wakavu kina purini nyingi kuliko kiganja cha wabichi. Maini, figo na utumbo wa ng'ombe pia wamo katika kundi hilo. Lakini hata mtu akijinyima vyote hivyo kikamilifu, asidi hushuka kwa takriban miligramu 1 kwa desilita. Mwenye 9.2 atafika 8 na kitu, bado juu ya 6.8, na chembe zitaendelea kujijenga. Sipuuzi chakula, ninachosema ni kwamba hakitoshi, na kumwambia mgonjwa kwamba kinatosha ni kumcheleweshea tiba.

Maharage sikubaliani kabisa na aliyeyakataza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanaume wengi kwa miaka 12, ukaona nyama na samaki vikiongeza hatari ya gauti, lakini mboga na jamii ya kunde zenye purini hazikuongeza, na maziwa yaliambatana na hatari ndogo. Kahawa nayo imeonekana kuambatana na hatari ndogo, habari njema kwetu tunaoilima huku Kalinzi. Ugali wa muhogo hauna neno, na mawese hayana purini za kuhofia, ila anayehitaji kupunguza uzito ayapime.

Vitu ambavyo ningevikaza ni viwili. Kimoja ni bia na pombe kali: pombe huzuia figo kutoa asidi, na bia huongeza purini zake juu ya hapo, pombe ya ndizi ya kienyeji nisingeipa msamaha. Kingine ni soda na juisi za sukari, kwa sababu mwili unapoivunja fruktosi, aina ya sukari iliyomo ndani yake, hutengeneza asidi ya yuriki, na watu hushangaa kusikia hivyo kwa kuwa soda haina nyama. Dagaa ale kidogo, mara chache kwa wiki, awaache kabisa wakati kiungo kimevimba, na akila mgebuka basi kiwe kipande, si samaki mzima. Asijinyime chakula kwa siku nyingi ili kupunguza uzito, kwani kufunga kwa ukali huweza kuamsha shambulio.

Tabibu wa Kasulu

Nakubaliana na Mama Lishe. Kwa goti la leo, ndugu yangu, sindano ya diklofenaki isirudiwe. Kesho asubuhi mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ukiwa na vidonge vyake vyote vya shinikizo mkononi. Omba apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo), sukari na mkojo, na daktari alitazame goti kabla ya dawa yoyote kuandikwa. Ikibidi livutwe maji. Kama hakuna dalili ya maambukizi na sukari iko sawa, huenda wakachagua prednisoloni ya siku chache. Usiku huu apumzike, mguu uinuliwe, na goti likandwe kwa barafu iliyofungwa katika kitambaa, si kwa maji ya moto. Homa ikianza au akishindwa kulikunja kabisa, msisubiri kukuche.

Vile vidonge vya 300 alivyovitupa visitafutwe wala visinunuliwe vingine mpaka kreatinini ijulikane. Kisha muulizeni daktari kuhusu kuanza upya na 100 pamoja na kolchisini, na damu irudiwe baada ya wiki nne.